Re: Mkataba unaisha Septemba, nijiandikishe au niache?

> Shikamooni wakubwa. Mkataba wangu wa ghalani hapa Ujerumani unaisha tarehe 30 Septemba, baada ya miaka miwili. Rafiki ananionya nisijiandikishe kuchukua hela za serikali za wasio na kazi, eti tunawamaliza walipa kodi na kibali cha kuishi kitaharibika. Naombeni ushauri.

Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako hakutakii mabaya, amechanganya mambo. Angalia karatasi yako ya mshahara, penye herufi AV, yaani bima ya kukosa kazi. Kila mwezi unakatwa asilimia 1.3 na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Hiyo ni bima. Si kama lile fao la kujitoa la nyumbani Tanzania, ambapo mtu alikuwa anadai michango yake mwenyewe. Hapa usipokosa kazi, mchango wako unamlisha aliyekosa. Ndiyo maana Arbeitslosengeld, yaani malipo ya bima hiyo, haihesabiwi kuwa msaada wa umma kwenye kibali. Ule msaada wa wasio na kipato ndio wenye hesabu nyingine.

Kwa miaka miwili ya michango utalipwa hadi miezi 12: asilimia 60 ya mshahara baada ya makato, 67 ukiwa na mtoto.

Ila jiandikishe kwenye ofisi ya ajira kama mtafuta kazi miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha. Ukichelewa unapoteza malipo ya wiki nzima. Halafu siku ya kwanza bila kazi, jiandikishe tena kwamba huna kazi. Na usisaini karatasi usiyoielewa! Mimi bosi aliniwekea moja mezani, akasema ni utaratibu tu. Kumbe nimekubali kuondoka kwa hiari. Wiki 12 sikupata hata senti, kodi ya nyumba nikamkopa dada yangu. Bado inaniuma.

Kuhusu uchumi, kumbuka Aprili 2020, wakati wa korona. Watu karibu milioni 6 walipunguziwa saa za kazi, na mfuko huuhuu wa bima ukafidia sehemu ya mshahara. Viwanda vikabaki na mafundi wao, nasi tukaendelea kulipa pango na kununua unga, kwa hiyo mwenye duka naye akapona. Kweli, malipo yakiwa marefu sana wengine huchelewa kutafuta kazi. Wajerumani waliliona hilo: mwaka 2006 ukomo wa malipo kwa wafanyakazi wenye umri mkubwa ulishushwa kutoka miezi 32 hadi 18. Lakini miezi michache ya kutafuta bila njaa humfikisha fundi kwenye kazi ya ufundi wake, asiishie kufagia.

> Asante sana dada. Basi mwisho wangu ni Juni 30. Jumatatu nakwenda.