Magnesiamu kwa mgonjwa wa sukari: oksaidi, sitrati, glisinati, au turudi kwenye wimbi na mtama?

NyarSeme (Kisumu)
Wadau hamjambo. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Mama yangu ana miaka 63, anaishi Seme, na sukari aligunduliwa nayo miaka sita iliyopita. Anameza metformini, dawa ya sukari, asubuhi na jioni, dawa ya presha yenye ile ya kukojoza ndani yake, na omeprazoli ya kiungulia. Hiyo ya mwisho ameimeza muda mrefu hata hakumbuki nani alimwandikia. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kilisoma 8.6. Siku hizi usiku misuli ya miguu inambana mpaka anaamka, na vidole vya miguu anasema ni kama vinatembewa na sisimizi.

Nimeingia kemisti moja hapa mjini, nikawekewa mezani chupa tatu za vidonge vya magnesiamu, yale madini: oksaidi ya bei ya chini, sitrati ya katikati, glisinati inayokaribia mara tatu ya ile ya kwanza. Nikaambiwa zote "zinashusha sukari". Jirani yangu naye anasema hizo ni pesa za kutupa, mama ale wimbi basi. Nichague ipi?

Kijana_Njoro
Dada, chochote utakachochagua, usinunue oksaidi kwa sababu ya bei. Mimi niliinunua kwa ajili ya misuli baada ya mazoezi. Nikameza viwili asubuhi, nikapanda matatu Nakuru kwenda Kisumu. Tulipopita Mau Summit tumbo likaanza kunguruma. Kufika Londiani nilikuwa namwomba dereva kama mtoto. Abiria kumi na tatu walinisubiri nje ya choo cha hoteli, na kondakta alinitoza hamsini "ya kuchelewesha gari". Sasa natumia glisinati, tumbo limetulia. Sijui habari za sukari, mimi sina.

MfamasiaMstaafu (Nakuru)
NyarSeme, kabla ya chupa yoyote, figo za mama zilipimwa lini? Magnesiamu inayozidi mwilini hutolewa na figo. Zikichoka, inarundikana: misuli inalegea, presha inashuka, na ikizidi sana mapigo ya moyo yanavurugika. Mtu mwenye sukari na presha pamoja ndiye hasa wa kupima kreatinini kwanza, kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo.

La pili ni lebo, maana hapo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kidonge kilichoandikwa sitrati ya magnesiamu miligramu 1,000 kina magnesiamu yenyewe kama 160 tu, iliyobaki ni sitrati. Oksaidi ni asilimia 60 magnesiamu, glisinati kama 14. Ukisoma namba peke yake utaona oksaidi ndiyo mali. Lakini haiyeyuki vizuri, sehemu kubwa yake hupita utumbo bila kunyonywa, na inapopita inavuta maji. Yaliyobaki umeshaelezwa na kijana wa Njoro.

Kilichonifanya niandike hasa ni ile orodha ya dawa. Omeprazoli ikitumiwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, inaweza kushusha magnesiamu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2011. Dawa ya kukojoza nayo inaitoa kwa mkojo. Na sukari ikiwa juu, figo hukojoa sukari pamoja na magnesiamu. Mama yako ni tangi lenye matundu matatu, na wewe unatafuta ndoo ya kumwagia maji juu.

Hao sisimizi wa vidoleni usiwahesabie magnesiamu haraka. Metformini ya miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta ganzi inayofanana kabisa na ile ya sukari. Mwambie daktari aipime.

Mbishi_Section58
Mzee heshima yako, ila hili neno "inashusha sukari" mbona hujaligusa? Ndilo linalouza chupa.

Mwaka 2007 Larsson na Wolk wa Sweden walijumlisha tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka, wakaona kila miligramu 100 za ziada kwa siku zinaambatana na hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa kama asilimia 15. Watu wakabeba hiyo 15 wakaenda nayo dukani. Lakini wale walikuwa hawajaugua, na anayekula nafaka nzima na kunde kila siku huwa ana mazoea mengine mazuri pia. Huwezi kujua ni magnesiamu au ni maisha yake.

Wanaoleta ushahidi wa wagonjwa hupenda ule wa Durango, Meksiko, uliochapishwa 2003. Wagonjwa 63, wiki 16 za kunywa kloridi ya magnesiamu, na HbA1c ikaishia kama 8.0 dhidi ya 10.1 kwa waliopewa maji yasiyo na dawa. Namba nzuri sana. Sasa soma waliingiaje: walichukuliwa wale tu ambao magnesiamu yao ya damu ilikuwa chini. Aliyepungukiwa akaongezewa, akapata nafuu. Aliyeshiba ukimwongezea sahani, sijui atapata nini. Hata Chama cha Kisukari cha Marekani hakipendekezi vidonge hivi kwa kila mgonjwa.

MfamasiaMstaafu
Mbishi, hapo tuko pamoja. Nami naongeza kwamba hata kipimo cha damu kinadanganya. Mwili wa mtu mzima una gramu 25 hivi za magnesiamu, zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, na isiyofika asilimia 1 ndiyo iko kwenye damu unayochota. Ikisoma chini, amini. Ikisoma sawa, usijipe uhakika wote.

FundiWaKisiagi (Chwele, Bungoma)
Mimi si daktari, nasaga. Naomba kuuliza: hii magnesiamu inafanya kazi gani humo ndani? Maana nasikia inaingia, inatoka, inavuja, lakini kazi yake sijaisikia.

MfamasiaMstaafu
Fundi, wewe nitakuelezea kwa mashine yako. Injini yako inanguruma, lakini bila ule mkanda wa kwenye puli, jiwe halizunguki. Nguvu ya seli hubebwa na kitu kinaitwa ATP, nacho karibu kila mahali hufanya kazi kikiwa kimeshikana na magnesiamu. Vimeng'enya zaidi ya 300 vinaitegemea, vikiwemo vile vinavyovunja glukosi. Na insulini ikishagusa seli, mlango wake upande wa ndani unahitaji magnesiamu ili upeleke habari kwamba sukari iingie. Mkanda ukilegea, kongosho linaongeza mafuta kwenye injini na jiwe bado linazunguka polepole.

FundiWaKisiagi
Nimeelewa kuliko nilivyoelewa shuleni.

Basi niwaambie nionacho kila siku. Mteja akileta mahindi akasema "nikoboe kwanza, nataka nyeupe", mashine inatoa ganda na kile kiini cha kwenye ncha. Vinamwagika kwenye gunia la pembeni, vina rangi ya njano na vinanukia vizuri. Jioni anakuja mtu wa ng'ombe, ananunua gunia zima. Unga mweupe unaenda kwa mama na watoto. Ukiniuliza magnesiamu ya Bungoma inaliwa na nani, nitakuonyesha zizi.

Dada_Lishe (Kakamega)
Fundi umesema kweli. Gramu 100 za unga wa mahindi mazima zina magnesiamu kama miligramu 120 na kitu. Uliokobolewa ukatolewa kiini, ni thelathini na kitu. Mtama mzima hufika 165, wimbi kama 140. Mwanamke wa umri wa mama anahitaji 320 kwa siku, mwanaume 420. Ukitazama sahani ya ugali ya huku kwetu, sioni kwa nini ubishane na chupa kabla hujabishana na unga.

Weka na njugu karanga, simsim, na mbegu za maboga. Hizi mbegu gramu 28 tu, kiganja kimoja, ni kama miligramu 150. Na sisi tunazikwangua tunawamwagia kuku! Osha, anika siku mbili, kaanga bila mafuta.

Maharagwe yaloweke usiku, na uji uuchachushe siku moja au mbili. Nafaka nzima zina fitati inayoshikilia madini, na kuchachusha kunaivunja. Bibi zetu walichachusha kwa ajili ya ladha, tukaacha tukaanza kutia ndimu na vijiko vinne vya sukari. Uji wa wimbi wenye vijiko vinne si dawa ya sukari, jamani. Hata usio na sukari bado ni wanga, na unga laini sana hupandisha haraka. Ugali wa mtama nao mama asiutandike sahani nzima ati kwa sababu ni mweusi.

MamaMrenda
Na maji ya kuchemshia managu msimwage yote. Najua ni machungu. Mimi nachemsha kwa maji kidogo, nachanganya managu na kunde na mrenda, halafu namalizia kwa maziwa. Nyingine, wateja wangu wananiuliza magadi. Magadi si magnesiamu! Majina yanafanana tu. Yale ya Ziwa Magadi ni chumvichumvi ya sodiamu, inalainisha mboga lakini mwenye presha hana haja nayo.

JaDunga
Mbona mnazunguka? Chumvi ya Epsom ni salfeti ya magnesiamu na ni bei ya soda. Kijiko kwenye maji moto, mama anywe, na jioni atumbukize miguu kwenye beseni.

MfamasiaMstaafu
JaDunga, tafadhali. Ikinywewa ni dawa ya kuharisha, na mama wa miaka 63 anayetumia dawa ya kukojoza akiharisha usiku mzima, asubuhi utamkuta sakafuni. Na miguu yenye ganzi haijui maji ni ya moto kiasi gani. Nimemfunga bandeji mtu aliyechubuka ngozi yote ya nyayo kwenye beseni, na hakusikia kitu mpaka aliposhusha macho.

JaDunga
Hilo la nyayo sikulijua. Ushauri wangu naurudisha.

NyarSeme
Nimerudi baada ya wiki tatu. Chupa sikununua. Nilimpeleka mama kliniki nikiwa nimeandika dawa zote kwenye karatasi. Kreatinini iko sawa. Magnesiamu ilisoma 0.66, chini. B12 nayo iko chini, kaanza sindano. Omeprazoli daktari ameipunguza taratibu na kumwambia asilale punde tu baada ya kula. Amemwandikia sitrati kwa miezi miwili kisha wapime tena, na akimpa antibiotiki yoyote mama ataje hivyo vidonge, visigongane tumboni.

Ugali ndio ulikuwa vita niliyoitarajia, haikuwepo. Nilinunua gorogoro mbili za mtama pale Kibuye nikampelekea, nikidhani nitambembeleza. Akaushika, akaunusa, akaniuliza, "Nani alikuambia nimewahi kuupenda ule mweupe? Ni ninyi mlioacha kula huu, nikachoka kupika sufuria mbili."

Sasa swali kwa Fundi: mama anasema mtama peke yake haushikani, anataka kutia muhogo. Nichanganye kiasi gani?

FundiWaKisiagi
Mtama gorogoro nne, muhogo mkavu moja, isizidi hapo, maana muhogo ni wanga mtupu. Na mwambie apeleke asubuhi, kabla mashine haijasaga mahindi ya watu, asichanganyiwe.

MamaMrenda
Na asikubali wamkobolee.