Mrejesho: king'ora na kimulimuli kwenye Land Rover ya 1964

Wakuu, salaam. Niliuliza kwa nini fyuzi inaungua kila nikiwasha king'ora cha mota kwenye Series IIA yangu, na kama kimulimuli cha zamani kitafanya kazi wakati gari hili ncha chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi.

Kimeeleweka. Aliyesema niweke rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) alilenga penyewe: swichi ya dashibodi sasa inaamsha rilei tu, king'ora kinavuta moto wake moja kwa moja toka kwenye betri kwa waya mnene, na fyuzi kubwa iko palepale karibu na betri. Boliti ya king'ora inapogusa bodi, ambako moto unarudi betrini, nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, ndipo kikalia sawasawa. Jirani alitoka nje na taulo! Ila dainamo ya Lucas inayochaji betri ni ya ampia 22 tu, kwa hiyo napiga kidogo na kuachia.

Kuhusu chanya kwenye bodi, balbu ya kimulimuli haijali. Mota ya kimulimuli, kwa kuwa ni ya sumaku ya kudumu, inazunguka kinyume tu. Vimulimuli vya elektroniki ndivyo vingeweza kufa.

Barabarani nakifunika kimulimuli na kuchomoa fyuzi. Trafiki hawataki hadithi kwamba ni vya maonyesho tu.