Kuunganisha simu mbili bila bando: namba, QR au kuzitikisa pamoja?

Kirumba_Kodi: Wakuu, naandika programu ya wachuuzi wa dagaa pale sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza. Simu ya karani na ya mchuuzi zirushiane hesabu za magunia kwa Bluetooth. Pale simu ni nyingi, na sitaki mtu ajipenyeze katikati. Mngechagua lipi: tarakimu sita zinazotokea kwenye simu zote mbili watu wazilinganishe, QR, au kushika simu zote mbili kwa mkono mmoja na kuzitikisa?

Nyegezi_Juu: Tarakimu sita, mkuu. Zipo tangu Bluetooth 2.1 ya 2007, huanzi upya.

Binti_Ukerewe: Kaka, zinalinda pale mtu anapozisoma. Mwenye beseni kichwani anabonyeza "Sawa" bila kuangalia, ulinzi umekwisha. Mimi niko na kutikisa. Mayrhofer na Gellersen wa Chuo Kikuu cha Lancaster walilieleza 2007: simu zinakubaliana ufunguo wa siri kwa Diffie-Hellman (hesabu ya kupata ufunguo mmoja bila kuurusha hewani), kisha zinalinganisha rekodi za vihisi mwendo. Zikifanana, ufunguo unapita. Ila kila simu ijifunge kwa rekodi yake, yaani itume kwanza alama yake isiyoweza kubadilishwa baadaye, kabla ya kuona ya mwenzake, la sivyo wa katikati atanakili tu. Hapo usiparuke kabisa! Na pima ukubwa wa mwendo, si uelekeo, maana simu hazishikwi upande mmoja.

Fundi_Makoroboi: Si ndiyo ile programu ya simu, Bump? Google waliinunua 2013, Januari 2014 wakaifunga.

Binti_Ukerewe: Hapana ndugu. Bump ilikuwa ya kugonganisha, na seva ya intaneti ndiyo iliyooanisha. Hapa simu zinaamua zenyewe.

Abiria_Kamanga: Angalizo. Kwenye kivuko injini na mawimbi vinatikisa simu zote kwa pamoja. Ukilegeza kipimo, simu ya abiria wa benchi la nyuma nayo itaonekana pacha. Chuja mtikisiko wa chombo, dai mtikiso wa mkono, wa nguvu na wa haraka, sekunde kadhaa.

Mama_Magunia: Mwanangu, mimi ni mchuuzi. Simu yangu ina hela, simkabidhi karani akaitikise. Na hiyo QR, kioo changu kimepasuka, jua la mchana ndiyo kabisa haionekani.

Kirumba_Kodi: Shikamoo mama. Basi karani ndiye atakukabidhi ya kwake, utikise wewe zote mbili. QR nitaiacha kwa simu ambazo kihisi chake kimekufa. Binti_Ukerewe, leo naanza na hiyo hatua ya kujifunga kwa rekodi.