Tupeane uzoefu: kikundi cha vijana Mombasa, kipi hukifanya kidumu?

Waungwana, vikundi vinaanzishwa Likoni, Kisauni, Changamwe, na vingi havimalizi mwaka. Mnaoviendesha, tupeni mambo yenyewe hasa.

Jibu, Likoni
Kwanza mfuateni kijana maskani kwake, ukumbi utakuja baadaye. Vijana 12 hadi 15 kwa mlezi mmoja watosha. Wakizidi 20, wanaozungumza huwa wale wale wanne, na wanyamavu hupotea ifikapo wiki ya tatu. Kutaneni baada ya sala ya alasiri, mfunge kabla ya magharibi. Mkipitisha hapo, wazazi hawawaruhusu tena wasichana kuja. Siku ya kwanza msimwulize mtu shida zake. Mwulizeni mikono yake yajua kazi gani.

Jibu, Kisauni
Kinachoua vikundi ni posho. Ufadhili ukikatika, viti vitupu. Lipeni nauli ya matatu pekee (feri mwenda kwa miguu halipi), chai na mahamri basi. Halafu wekeni sanduku la akiba lenye kufuli tatu, funguo kwa vijana watatu tofauti, na mweka hazina abadilishwe kila baada ya wiki nne. Mwezi wa kwanza daftari na sanduku hazitapatana, pengine kwa shilingi 50. Mlezi asizibe pengo hilo, tafadhalini! Mwageni sarafu mkekani, wahesabu wenyewe, wasome daftari mstari kwa mstari mpaka kosa lionekane. Kijana aliyewajibu wenzake 14 kuhusu hiyo hamsini, bila kufoka wala kukimbia, amejifunza kitu ambacho semina ya siku mbili haimpi.

Jibu, Tudor
Naunga mkono. Kwa wanaowakusanya vijana kwa mpira: mazungumzo yawekwe mapumzikoni, dakika 20. Mkingoja mechi iishe, wote washaondoka. Na kwa wasichana, "wote karibuni" haitoshi: wawe na saa yao, mlezi wa kike, na mama zao waendewe nyumbani kabla.

Jibu, Changamwe
Usajili: sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 yataka wanachama wasiopungua 10. Walio chini ya miaka 18 waje na idhini ya mzazi iliyoandikwa. Ya mdomo hukanushwa siku mtoto akiumia. Walio shuleni wana pia Tuzo ya Rais, mpango wa kuwatuza vijana: ngazi ya shaba, ndiyo ya kwanza, huanzia miaka 14, kwa huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi ya mwili na safari.