YAH: Yule Bwana Aliyeurusha Mpira Juu Jana Usiku, na Hofu Yetu kuhusu Jumamosi

Mdau wa Nkuhungu (mleta uzi)

Wakuu, tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika saa nane usiku, bado nimevaa jezi na viatu, na ugali wangu umekauka mezani kwa sababu kila ninapofumba macho nauona ule mpira ukipanda. Sitamtaja mtu jina. Waliokuwepo uwanjani wanamfahamu, wasiokuwepo wamekwisha kusimuliwa na waliokuwepo, na hata yule mama anayeniuzia mlenda pale sokoni Majengo hapa Dodoma, ambaye hajawahi kuona mchezo wa kikapu maishani mwake, kesho asubuhi atakuwa na maoni yake.

Fainali yetu ni ya michezo mitano na bingwa ni atakayetangulia kushinda mitatu. Wa kwanza tulishinda, wa pili tulifungwa kihalali, na huu wa tatu tulikuwa tumekwisha kuushinda. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilimwambia dereva wangu wa bajaji anifuate saa mbili kamili nje ya uzio, maana Nkuhungu ni mbali na nilitaka kuwahi kupiga simu kwa shemeji yangu anayeshabikia wale wenzetu. Zilibaki sekunde 4. Ubao ulisoma 61 kwa 60, sisi tukiwa mbele. Wenzetu wakarusha, mpira ukagonga pete, na yule bwana akaruka juu ya watu wote akachukua ribaundi ambayo, nakiri, hakuna mwingine katika timu yetu angeweza kuipata. Hapo alikuwa shujaa. Alikuwa shujaa kwa muda wa kupiga chafya moja.

Alichotakiwa kufanya baada ya hapo ni kutofanya chochote. Alitakiwa aukumbatie mpira kama mtumishi anavyoikumbatia barua ya kupandishwa daraja, afumbe macho, asubiri. Badala yake bajaji ikapiga honi nje, yeye akadhani ni king'ora cha kumaliza mchezo, akaurusha mpira juu kwa mikono yote miwili na kuanza kukimbilia jukwaani akipiga kifua.

Mpira ulipanda, wakuu. Ulipita usawa wa taa, ukakaa huko kama ombi la uhamisho linavyokaa kwenye meza ya mkuu wa idara. Ni ule mpira wetu wa zamani uliobanduka upande mmoja, na kila ulipojigeuza niliuona upara wake ukimulikwa na taa na kupotea tena. Kisha upepo wetu huu wa mwezi wa saba, ambao mabati yenyewe yanauheshimu, ukausogeza taratibu kuelekea chini ya kikapu chetu. Pale alikuwa amesimama kijana wao mfupi aliyekuwa amekwisha kukubali kushindwa na kuanza kulia. Mikono yake ilikuwa inapanda kufuta machozi, mpira ukaikuta njiani. Akafunga akiwa bado analia. 62 kwa 61.

Aliurusha juu! Angeurusha nje ya uwanja, ningeelewa. Angemrushia refa, ningeelewa. Angeondoka nao hadi Nyerere Square, tungefidia. Lakini aliurusha juu, kwa mtu ambaye hata hakuwa anauomba.

Sasa tuko nyuma kwa 2–1 na Jumamosi tukipoteza msimu umekwisha. Hofu yangu ni kwamba ataanza tena, kwa sababu kila mtu anajua mjomba wake ndiye anayejaza mafuta basi la timu. Namtaka asimame mbele ya mashabiki kabla ya mchezo, aombe radhi, na aeleze alikuwa anasikiliza nini.

Nawasilisha.

Zabibu Chungu

Pole sana mkuu, lakini mimi nilikuwa nimekaa safu moja nyuma yako. Honi ilipolia, mtu wa kwanza kusimama katika uwanja mzima hakuwa yule bwana. Ulikuwa wewe. Ulinyanyua mikono, ukapiga kelele "Tumemaliza!", na kiwiko chako kikaipiga kahawa yangu ikamwagika yote kwenye suruali, pamoja na kashata mbili ambazo nilikuwa sijaziuma. Uliponigeukia nilidhani unataka kuniomba radhi, kumbe ulikuja kunikumbatia.

Filimbi Mstaafu

Nimewahi kuchezesha mchezo huu kwa miaka kadhaa, kwa hiyo naomba niweke jambo moja sawa. Saa ya mchezo haisimami kwa sababu mchezaji amefurahi. Inasimama kwa filimbi ya mwamuzi, na katika dakika mbili za mwisho za robo ya nne inasimama pia kila kikapu kinapofungwa. Ndiyo maana baada ya yule kijana kufunga ilibaki sekunde 1, jambo ambalo mleta uzi hakulitaja kwa sababu nadhani alikuwa ameinamia magoti. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mwalimu angekuwa bado na taimu auti, yaani kusimamisha mchezo kwa muda mfupi, angeweza kuiomba, na timu yetu ingeruhusiwa kuurushia mpira ndani kutokea upande wa mbele badala ya kuanzia chini ya kikapu chetu. Sekunde moja inatosha kupokea na kurusha. Kipindi cha pili, yaani robo ya tatu na ya nne, timu hupewa taimu auti tatu. Mwalimu alikuwa amezimaliza zote, na moja aliitumia katika robo ya tatu kumkaripia kijana anayefuta jasho sakafuni. Hilo ndilo la kuandikiwa uzi.

Mdau wa Nkuhungu

Mkuu Filimbi, nakuheshimu, lakini mwalimu hakuurusha mpira juu.

Mhasibu wa Area C

Mimi huwa nahesabu, ni ugonjwa wa kazi. Jana tulipewa mitupo huru 16 tukakosa 9. Mstari ule uko mita 4.6 tu kutoka kwenye ubao, hakuna anayekukaba, unapewa sekunde 5 za kutulia, na bado tisa zimekwenda na upepo. Tungefunga mbili tu kati ya hizo, ule mpira ungepanda, ungeshuka, kijana angefunga na machozi yake, na sisi tungekwenda nyumbani na ushindi wa pointi moja tukicheka. Mnaolilia sekunde 4 mlikuwa wapi katika dakika 39 zilizotangulia? Orlando Magic walipoteza mchezo wa kwanza wa fainali ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ya mwaka 1995 dhidi ya Houston kwa ugonjwa huohuo: mchezaji wao mmoja alikosa mitupo huru minne mfululizo wakiwa mbele kwa pointi tatu, wenzao wakasawazisha, wakashinda katika muda wa nyongeza.

Kipara wa Ipagala

Mleta uzi asikate tamaa, mambo haya yametokea hata kwa wakubwa. Mwaka 2018, mchezo wa kwanza wa fainali ya NBA, matokeo yalikuwa 107 kwa 107, J.R. Smith wa Cleveland akachukua ribaundi zikiwa zimebaki sekunde 4 na kitu, kisha badala ya kurusha akaondoka na mpira kuelekea katikati ya uwanja. LeBron James, nyota wa timu yao, alimnyooshea mikono akimwonyesha kikapu kilipo. Watu wakasahau, maisha yakaendelea.

Zabibu Chungu

Cleveland walifungwa mchezo ule, na fainali nzima wakafungwa 4–0. Unamfariji mtu au unamsomea hukumu?

Kipara wa Ipagala

Basi tuchukue mwaka 2016. Cleveland haohao walikuwa nyuma 3–1 mbele ya Golden State, timu iliyokuwa imeshinda michezo 73 msimu huo, na wakarudi wakachukua ubingwa 4–3. Sisi tuko nyuma kwa mchezo mmoja tu.

Mdau wa Nkuhungu

Wao walikuwa na LeBron James. Sisi tunaye bwana anayepokea maelekezo kutoka kwa bajaji.

Mtani kutoka Morogoro

Nimepita tu kuwasalimu. Huku tumeitazama ile video mara ishirini, na shangazi yangu ameomba ichezwe tena wakati wa chai. Swali langu ni dogo: huyo kijana aliyefunga huku analia, mmemfuta machozi au mmemwacha vilevile?

Mrefu wa Chang'ombe

Tatizo ni kubwa kuliko mtu mmoja. Nchi hii imemtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa namba mbili na Memphis Grizzlies mwaka 2009 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, wakati Stephen Curry, aliyekuja kuwa nyota wa Golden State, alichaguliwa namba saba mwaka uleule. Leo hii vijana warefu wa Dodoma wanacheza usiku chini ya taa nne, mbili zikiwa zinapepesa, juu ya saruji iliyopasuka, na king'ora chetu kina sauti dhaifu kuliko kengele ya baiskeli. Jamani, mmewahi kukisikiliza vizuri? Mimi namtetea yule bwana. Honi ya ile bajaji ililia kama king'ora kuliko king'ora chenyewe.

Mama Kikapu

Na mimi nina la kwangu. Tumelipa kiingilio, tukaambiwa viti vipo, tulipofika tumekuta mbao tatu zimewekwa juu ya matofali. Ubao wetu ulikatika robo ya pili tukaanguka watu sita na mtoto. Hakuna aliyefungua uzi kwa ajili yetu, kwa sababu sisi tulianguka chini na si juu.

Dereva Mwaminifu

Wakuu, salamu. Nimetumiwa uzi huu na abiria wangu nikaona si vyema kukaa kimya huku jina la kazi yangu likichafuliwa. Bajaji iliyopiga honi ni yangu. Sikupiga kwa fujo. Mteja aliniambia nifike nje ya uzio saa mbili kamili na nipige honi ndefu ili anisikie, kwa sababu ndani kutakuwa na shangwe. Nilifika saa mbili kamili, nikapiga honi ndefu. Nilisubiri dakika arobaini. Mteja alitoka akiwa ameinamisha kichwa, hakuniongelesha njia nzima, na nauli alinipa pungufu shilingi mia tano akisema atanimalizia.

Mhasibu wa Area C

Mleta uzi, ile bajaji yako ya saa mbili kamili uliyoitaja katika aya ya tatu ilikuwa ya rangi gani?

Mama Kikapu

Nimecheka mpaka mbao niliyokalia nyumbani imeogopa.

Filimbi Mstaafu

Kwa rekodi tu, kanuni haina adhabu kwa shabiki aliyeita usafiri mapema. Inaruhusu hata hivyo kumwondoa uwanjani mtu yeyote anayevuruga mchezo, na huo utaratibu niliutumia mara mbili nilipokuwa nachezesha. Mmoja wao alikuwa na tarumbeta.

Mtani kutoka Morogoro

Shangazi anauliza kama mteja ni mtu wa Nkuhungu.

Mdau wa Nkuhungu

Wakuu, tusitoke nje ya mada. Mada ni Jumamosi. Napendekeza tujadili nani aanze badala ya yule bwana, na je, yule mlinzi wetu mwenye bandeji ya goti amepona? Bila yeye hatuna mtu wa kuvusha mpira nusu ya uwanja ndani ya sekunde 8 wenzetu wakitubana.

Mrefu wa Chang'ombe

Hajapona. Nilimwona leo asubuhi anapanda ngazi za duka la dawa kwa upande. Kwa hiyo anayebaki wa kuanza ni yuleyule bwana, na tutamshangilia, maana ndiye mwenye ribaundi 14 jana na hakuna mwingine anayemkaribia. Tumwombe tu mjomba wake amnunulie vizibo vya masikio.

Mama Kikapu

Mimi Jumamosi nakuja na kigoda changu. Mwenye nafasi kwenye gari kutoka Makole aniambie, tuko wawili na kigoda.

Kipara wa Ipagala

Mama, nitakupitia saa nane mchana. Kigoda kitakaa nyuma.

Mdau wa Nkuhungu

Zabibu Chungu, kuhusu ile kahawa. Jumamosi nitafika mapema nikushikie nafasi, na kahawa nitanunua mimi. Kashata zilikuwa mbili?

Zabibu Chungu

Sasa zimekuwa tatu. Na uje kwa miguu.