Naomba ushauri: wazazi wanapita tu kwenye meza za maonesho

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha sayansi kidato cha pili, shule ya kata hapa Morogoro. Mwisho wa mwezi tuna siku ya wazazi na wanafunzi wataonesha kazi zao: betri ya ndimu zilizochomekwa misumari ya zinki na waya wa shaba, na chujio la maji la mchanga, kokoto na mkaa ndani ya chupa iliyokatwa kitako.

Shida ni maelezo. Wamekariri Kiingereza cha daftarini. Mzazi anaitikia kwa kichwa kwa adabu, anapita. Nimewafupishia, bado wanaimba. Tulipojaribu Kiswahili, binti mmoja alichangamka, akamimina maji ya tope na kuwauliza wenzake wabashiri yatatokaje. Nilifurahi mno! Mkuu wa shule anataka Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya mtihani, na hoja yake naielewa.

Tena hilo chujio linanipa wasiwasi. Maji yanatoka maangavu, mzazi anaweza kwenda kulitengeneza nyumbani akanywa bila kuchemsha, wakati vijidudu bado vimo. Nataka mtoto aliseme hilo mwenyewe, ila wenzangu wanaona atakuwa anaiponda kazi yake.

Mliowahi kuandaa maonesho haya, mlizipangaje lugha mbili kwenye meza moja hadi uongozi ukaridhika? Na mwanafunzi aelezeje upungufu wa kifaa chake bila mzazi kuona kimefeli?

Natanguliza shukrani.