Mjadala: anayemrubuni mwenzako avunje mkataba na wewe, ashtakiwe au aachwe?

Wakuu habari za jioni. Jana mdau mmoja alisema mkataba ni wa wawili waliosaini, kwahiyo wa tatu akija na dau kubwa akambeba mtu wako hiyo ni biashara tu, wewe malizana na aliyesaini. Mimi hilo silikubali kabisa.

Msimu uliopita nilimlipa mzee mmoja advansi ya gunia 40 za mpunga, tukaandikishana mbele ya mtendaji wa kijiji. Siku nafika na fuso nakuta ghala jeupe, yamebaki maturubai na mizani. Kuna dalali alipita siku mbili kabla, akaonyeshwa karatasi yetu akaisoma yote, akaongeza elfu kumi kwa kila gunia halafu akamwambia mzee "huyo akikusumbua niite, nitalipa mimi". Sasa mzee nimbane vipi, hela ameshalipia ada za watoto na advansi yangu anarudisha kidogokidogo, aliyekula faida ni dalali na alijua kabisa anachofanya.

Hiyo "nitalipa mimi" ndo ilinikumbusha kesi ya Texaco, kampuni ya mafuta kule Marekani. Januari 1984 Pennzoil, nao ni wa mafuta, walishaelewana na wenye kampuni ya Getty Oil kununua kwa zaidi ya dola 110 kwa hisa, ikatangazwa hadharani, siku chache tu Texaco huyu hapa na 125, baadae 128, na wauzaji wakamtaka awalipie endapo Pennzoil watawashtaki, akakubali! Mtu hakubali kubeba kesi ambayo haioni inakuja. Mwaka 1985 raia waliokaa kama baraza kwenye mahakama ya Houston wakasema alipe dola bilioni 10.53. Rufaa ikapunguza bilioni mbili, Texaco akakimbilia kinga ya kufilisika 1987, mwisho wakamalizana kwa bilioni 3.

Utetezi wa Texaco ulikuwa kwamba mkataba wa mwisho ulikuwa haujasainiwa, na hapo kwenye kanuni nakubaliana nao, kama watu bado wanapatana bei basi mwenye hela nyingi achukue, hakuna cha kulia. Ila mkishafunga na mtu akajua mmefunga, akamrubuni mwenzako, huyo alipe.

Na msiniambie haya ni ya Wazungu. Yalianzia Uingereza kweli, 1853, kesi ya Lumley na Gye, mwimbaji wa opera Johanna Wagner alishasaini ukumbi wa Lumley akavutwa na Gye wa ukumbi mwingine kwa hela zaidi. Majaji wakasema aliyevuta anaweza kushtakiwa, ila kesi iliposikilizwa Gye alishinda kwa vile baraza liliamini alidhani mkataba haumfungi yule mama. Sheria hizo za Uingereza tulizipokea, Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, Kenya kama zilivyokuwa 12 Agosti 1897, kwahiyo mlango upo.

Wafanyakazi msiogope, ukitoa notisi yako vizuri hujavunja kitu, kahamie unakolipwa vizuri.

Kinachonikwamisha mimi ni ushahidi. Mzee ndo pekee aliyesikia yale maneno ya dalali na hataki kusimama mahakamani. Kuna aliyewahi kumfungulia kesi mtu wa tatu hapa? Ulithibitishaje kwamba alijua?